Breki ya Mama

Mimi ni fundi umeme wa magari, na sijawahi kulisema hilo kwa sauti ya chini. Nipe basi lililokataa kuwaka, lililokwisha kupita mikononi mwa mafundi watatu, nami nitajilaza chini ya dashibodi na mita yangu mpaka lenyewe liseme linaumwa wapi. Madereva wananiita Fundi Nyaya. Mwanzoni lilikuwa jina la dhihaka, mwanamke na nyaya wapi na wapi. Siku hizi wanalitamka huku wamevua kofia.

Kazi niliyoikataa miaka yote ni ya vinasa. Kinasa ni kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni kinachobandikwa nyuma ya kioo cha mbele, kisikie rada ya askari wa barabarani kabla askari hajakuona. Wapo waliokuja kutaka hicho. Wapo waliotaka fremu ya namba ya gari yenye mota, ubonyeze kitufe namba igeuke kamera isiisome. Mmoja aliniletea kopo la rangi ya kunyunyiza juu ya namba, eti kamera ikipiga picha inapata mwanga mtupu. Niliinusa tu nikajua ni dawa ya kung'arisha nywele. Wote niliwafukuza. Msinifanye mtakatifu, sikuwafukuza kwa dini. Nusu ya vitu vile ni takataka, na mimi takataka siifungi kwenye gari la mtu.

Ndipo akaja mdogo wangu.

Huyu ni kitinda mimba wa mama yetu, dereva wa basi la masafa marefu, na barabarani anaitwa Upepo. Jina hilo analipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Mwaka ule alikuwa ameshapigwa tochi mara mbili. Tochi ndiyo ile bunduki ya rada anayoishika askari, anakuelekezea ukiwa mbali, na mwendo wako unaandikika hapo hapo. Ya tatu ndani ya miaka miwili, leseni ya kubeba abiria inakwenda na maji. Mdogo wangu hajui kazi nyingine. Hata msumari hawezi kuupigilia ukanyooka.

"Dada, nifungie kinasa," akasema, amesimama mlangoni pa karakana kama mtu asiyetaka kuingia.

"Punguza mwendo. Hicho ndicho kinasa."

"Usinianze, dada. Nikipunguza nafika wa mwisho, abiria wananizomea, tajiri mwenye basi ananinunia."

"Na leseni ikienda?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe si ndiye bingwa?"

Anajua pa kunishika, mshenzi yule. Nilimwambia anipe wiki moja, na akaondoka akipiga mluzi kana kwamba jambo limekwisha.

Wiki ile nilikuwa natengeneza cherehani ya mama. Mama ni mshonaji, na chumba chake cha kushonea kiko uani kwetu, hatua kumi kutoka karakana yangu. Miaka thelathini mguu wake wa kulia umekaa juu ya kikanyagio cha cherehani ya umeme: bonyeza, achia, bonyeza kidogo. Mguu huo hautulii hata akipanda gari. Aliye karibu naye anaona kidole gumba kikijipinda ndani ya kiatu na soli ikikandamiza sakafu, anapiga breki isiyokuwepo. Kiatu chake cha kulia huchakaa miezi kabla ya cha kushoto. Nyumbani tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Marehemu baba alikuwa akisema, "Mwenye breki yake amepanda, twendeni." Mama naye alikuwa akinuna, anaangalia dirishani, na mguu unaendelea.

Kila baada ya wiki mbili mama hupanda basi la Upepo kwenda kumwona dada yake mkubwa, kule barabara inakoishia. Anakaa kiti namba moja, nyuma tu ya kioo cha mbele, anaona kila anachokiona dereva. Nilikuwa nimeshika kikanyagio kibovu mkononi, naunga waya, wazo likanijia lote kwa mkupuo. Niliweka pasi ya kulehemu chini nikacheka peke yangu.

Nilinunua kikanyagio kipya kwa ajili ya mama. Kile cha zamani nilikikata, nikakitoa swichi yake, nikaifanya bapa, nikaitandaza chini ya zulia la mpira mbele ya kiti namba moja. Waya nikaupitisha chini ya kizingiti cha mlango mpaka kwenye kiboksi cheusi nilichokibandika juu ya kioo. Ndani ya kiboksi nilitia kipokezi cha setilaiti, kama kile kilichomo ndani ya simu kinachokuonyesha uko wapi. Kila mama alipokanyaga, kiboksi kiliandika: hapa, na hapa, na hapa. Mama sikumwambia. Angejua, angeuzuia mguu kwa aibu. Upepo nilimwambia, "Kinajifunza barabara kwanza. Kitakaa kimya safari nne za mama, usikisumbue."

"Kwa nini za mama?"

"Kwa sababu nimesema."

Baada ya miezi miwili nilizisoma zile alama. Sehemu alizokanyaga mara moja tu nilizifuta, labda alishtushwa na ndege. Alizokanyaga safari baada ya safari nilizibakiza. Zilikuwa thelathini na nane. Nikakipangia kiboksi kwamba basi likikaribia mahali hapo likiwa juu ya mwendo fulani, kilie. Likienda taratibu, kinyamaze.

Nacho kililia. Upepo aliinua mguu, mara moja, kama mtu aliyeona askari kweli. Na kwa miezi minane hakuna tochi iliyompata. Hilo halikunishangaza. Askari mwenye tochi hajifichi mahali ambapo magari yanakwenda taratibu. Hujificha penye mteremko, penye shule, penye kona inayomdanganya dereva, yaani pale pale kidole gumba cha mama kinapojipinda.

Kichwa cha mdogo wangu kikavimba. Kiboksi akakipa jina, Mdaku, kwa kuwa kinamsengenya askari kabla hajafika. Angekaa nacho kimya, vizuri. Lakini Upepo na domo! Stendi nzima ilijua. Alipoona kiboksi kinalia mahali ambapo hakuna askari wala nguzo, akaamua mwenyewe kwamba serikali imeficha kamera pale. Akaandika orodha: kamera za siri thelathini na nane. Madereva wakainakili, wakarushiana kwenye simu, na magari yakawa yanapunguza mwendo mbele ya vichaka.

Mimi nilisifiwa. Wenye magari walifunga safari kuja kuniomba Mdaku wao, nikawaambia vifaa vimekwisha. Na usiku nilikosa raha kabisa. Nilikuwa nasifiwa kwa kitu nisichokitengeneza, na kile nilichokitengeneza, kazi safi kuliko zote maishani mwangu, hakuna aliyejua kama kipo. Kwa mtu mwenye majivuno kama mimi, adhabu hiyo ilitosha.

Asubuhi moja, kabla sijamaliza kufungua mlango wa pili wa karakana, likasimama gari la askari wa barabarani. Akashuka afande mwembamba mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba, mkuu wa kikosi cha barabara yetu. Nyuma yake akashuka Upepo. Uso ulikuwa umemshuka. Afande alikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko alikuwemo Mdaku, waya zake zimekatwa vibaya. Waya zile ziliniuma kabla ya jambo lenyewe.

"Nani amefunga hiki?" akauliza.

"Mimi," nikasema. "Na aliyekata hivyo ni nani? Hamna koleo?"

Hakucheka. Alieleza akiwa amesimama. Orodha ya kamera thelathini na nane ilifika ofisini kwao. Mkubwa wake akamwita, akataka kujua kamera hizo zimewekwa na nani, kwa amri ya nani, na picha zake zinakwenda wapi. Wakatafuta kwenye majalada, hakuna. Wakampandisha askari juu ya mti penye namba kumi na mbili, akashuka na kiota cha ndege. "Tumechekesha watu, fundi," akasema. "Tukafuatilia, tukafika kwa huyu bwana na kidude chake. Sheria unaijua. Kubeba kinasa ni sawa na kupigwa tochi, na kwake hii ni ya tatu. Leseni yake naichukua leo. Na karakana inayovifunga, nayo inafungwa."

Niliogopa, sifichi. Nilimtazama mdogo wangu. Ningesema ukweli, leseni yake ingepona na mlango wangu ungebaki wazi. Lakini Upepo angekuwa kichekesho cha stendi hadi azeeke: dereva aliyekuwa akijipiga kifua miezi minane, kumbe anaendeshwa na mguu wa mama yake. Nilimvuta pembeni, kwenye kona ya betri.

"Nikimwambia afande kilichomo ndani, utapona," nikamnong'oneza. "Ila hutakipenda."

"Kimo nini? Ni kinasa."

"Mdogo wangu..."

"Dada, fanya lolote. Leseni ndiyo maisha yangu."

Nikarudi mbele. "Afande, tochi yako ipo garini?"

Ilikuwepo. Nilimvua Mdaku mfuko, nikaunga waya zilizokatwa, nikamuunganisha na betri juu ya meza. Taa yake ya kijani ikawaka. Nikamwomba afande atoke mpaka getini, amwelekezee tochi, apige. Akapiga. Kimya. Akasogea hatua tano, akapiga tena. Kimya. Akaja mpaka mezani, akaiweka tochi karibu kabisa na kile kiboksi, akabana kifyatulio mpaka kidole kikawa cheupe. Mdaku alikaa kama jiwe.

"Kimekufa!" Upepo akapiga kelele. "Afande, umekiua na mfuko wako!"

"Hakijafa," nikasema. "Hakijawahi kusikia rada hata siku moja."

Nilifungua skrubu nne. Afande akavaa miwani yake, akainama. Nilimwonyesha kimoja kimoja: kipokezi cha setilaiti, chembe ya kumbukumbu, spika. "Chombo cha kusikia rada kiko wapi?" akauliza. Nikamwambia hakuna.

Upepo alinitazama, akatazama kiboksi, akanitazama tena. "Miezi minane," akasema.

"Miezi minane."

"Sasa mbona sijakamatwa?"

"Kwa sababu ulikuwa unapunguza mwendo."

Akakaa juu ya tairi kuukuu, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

Afande akataka kujua nani alichagua zile sehemu thelathini na nane. Nikamweleza yote, cherehani, kikanyagio, zulia la mpira. Katikati ya maelezo Upepo aliinuka na kutaka kumshika afande mkono. "Andika kinasa, afande. Nakuomba. Andika ni kinasa, chukua leseni. Watasema naendeshwa na mguu wa mama! Nitaweka wapi uso wangu?"

"Kaa chini, bwana," afande akasema, lakini hakuwa anamtazama. Alikuwa ametoka kwenda garini, akarudi na jalada lake. Akalifungua mezani kwangu, kati ya bisibisi na mabaki ya risasi ya kulehemu, akaweka orodha ya Upepo pembeni yake. Kidole kimoja kikashuka huku, kingine kikashuka kule. Mwanzoni alikuwa na kicheko mdomoni. Alipofika namba kumi na mbili kicheko kiliisha.

"Hizi ni ajali zetu," akasema. "Sehemu hatari za barabara hii. Kamati nzima ilikaa mwaka mmoja na nusu kuzikusanya." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Zetu zote zimo humu. Na humu zimo tano ambazo sisi hatuna. Huyo mama naweza kuonana naye?"

Nilikwenda kumwita mwenyewe. Mama alikuja na futi ya kupimia imening'inia shingoni na pini tatu kwenye kola, na alipoona sare ya askari akashika kifua. "Mwanangu amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, mama," afande akamwambia, na akamsogezea kiti changu, kile kizuri. "Shikamoo."

Nilimweleza mama kila kitu. Nilitegemea atanikaripia kwa kumpekua mguu bila ruhusa. Aliizungusha futi kwenye vidole.

"Kwa hiyo mguu wangu haukuwa woga," akasema.

"Haukuwa woga, mama."

"Mlikuwa mnanicheka."

"Tulikucheka."

"Na baba yenu, Mungu amrehemu, alinicheka mpaka mwisho." Akamgeukia afande. "Namba kumi na mbili ndiyo wapi?"

"Kona iliyo chini ya tangi la maji."

"Ah. Pale ukiwa juu unaona barabara imenyooka, kumbe kuna kipande kimejificha. Mtu akiwa ndani ya kipande kile humwoni mpaka umemfikia. Namba saba?"

"Shule yenye ukuta wa kijani."

"Lango la mbele ni zuri. Lakini watoto hawapiti langoni. Wana tundu lao ukutani, upande wa pili, wanachomoka humo wakikimbia. Askari wenu husimama langoni, mwanangu. Hasimami penye tundu." Afande alikuwa ameshatoa kalamu. Mama akaendelea, namba baada ya namba: lori linaloegeshwa jioni pasipo taa, daraja ambalo lami yake huteleza hata kukiwa na umande tu, bibi anayevusha mbuzi wake kila siku saa ile ile. Miaka yote amekaa kiti namba moja, ametazama barabara ile kama anavyotazama mshono, na hakuna aliyewahi kumwuliza kitu. Mkuu wa kikosi cha barabara alikuwa anaandika kila neno na kusema, "Ndiyo, mama. Endelea, mama." Nilisimama nyuma yao na spana mkononi, nimejaa furaha. Kazi ile ilikuwa yangu, na ilikuwa ya mama zaidi, na sasa palikuwa na shahidi.

Upepo alisikiliza yote. Mama alipomaliza, ndipo alipouliza kwa sauti ndogo, "Mama, mimi huwa nakutisha kiasi hicho?"

"Mara thelathini na nane, mwanangu. Kwenda. Na mara thelathini na nane kurudi."

Afande alifunga jalada. "Sheria inakataza kifaa cha kusikia rada," akasema. "Hiki ni kiziwi." Akamrudishia Upepo leseni, akaagana na mama kwa mikono miwili. Mimi aliniomba radhi kwa zile waya.

Wiki iliyofuata ilikuwa wiki ya mama kusafiri, nami nikafunga karakana nikapanda naye, kiti namba mbili. Upepo alikuwa amemwacha Mdaku mezani kwangu. "Nataka kuona kama ninaijua," aliniambia, na sikumwuliza anaijua nini. Kabla hatujatoka, dereva mwenzake alichungulia dirishani.

"Upepo! Mdaku yuko wapi?"

"Nimemhifadhi kichwani."

"Kamera si bado zipo?"

Nilisubiri. Hapa ndipo angeweza kucheka, akasema ulikuwa upuuzi wa dada yake, akajiokoa uso. Alishika usukani kwa mikono miwili.

"Zipo," akasema. "Zote thelathini na nane. Na hazilali."

Tukaondoka. Mimi sikutazama barabara, nilitazama mguu wa mama. Namba moja, basi lilishuka mwendo mapema, laini, bila kumtikisa mtu. Kidole gumba kilijipinda hata hivyo, mazoea. Namba tatu kilijipinda kidogo. Penye ukuta wa kijani Upepo alipita kwa mwendo unaokaribia wa mtu anayetembea, macho yake kwenye tundu, si langoni, na mguu wa mama ulitulia. Abiria mmoja nyuma akanung'unika kuwa tutachelewa. Upepo akamjibu bila kugeuka, "Utafika, mzee wangu. Utafika mzima."

Tulipita tangi la maji. Tulipita daraja. Nilipoteza hesabu kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuhesabu. Baada ya hapo kichwa cha mama kikaniegemea begani, kizito, na pumzi yake ikawa ndefu. Katika maisha yangu yote sijawahi kumwona mama akilala ndani ya gari.

Upepo alitupa jicho kwenye kioo. "Dada," akasema polepole, "mama vipi? Anakanyaga?"

Nikainama nikachungulia chini ya kiti.

"Amevua viatu," nikamwambia. "Vyote viwili."

Upepo alinyoosha mgongo, akaweka sawa kola ya shati aliloshonewa na mama, akaendelea kuendesha.